Dirisha la pauni 500 na bustani yake

Mwezi wa 11 mwaka uliopita dada yangu mkubwa alinitumia sauti kwa WhatsApp kutoka Uingereza, alikopelekwa na watoto wake kwa mpango wa wakimbizi. Nyuma ya maneno yake nilisikia watu wanacheka, na kitu kinakwaruza chini. Akasema, "Mdogo wangu, niko hospisi, tunaandaa bustani kabla baridi haijashika. Hiyo unayosikia ni reki." Kila Jumanne anaenda kujitolea pale pamoja na wazee wa mji. Hawalipwi. Wanapewa chai.

Hospisi ni nyumba ya watu ambao ugonjwa wao hauponi tena. Wanatulizwa maumivu, wanaoshwa, wanakaa na ndugu zao mpaka mwisho. Basi nikamuuliza swali ambalo hata wewe ungeuliza: mnamlimia nani? Wagonjwa wengi hukaa pale wiki chache tu. Tulipu, ua ambalo mbegu yake inafanana na kitunguu, linafukiwa Novemba na kuchanua Aprili. Nani kati yao ataliona?

Hakunijibu. Aliniambia tu nitafute habari za mtu anaitwa David Tasma. Nimetafuta, na insha hii imetoka huko.

Tasma alikuwa mkimbizi kama sisi. Alikuwa Myahudi kutoka Warsaw, Poland, akifanya kazi ya kuhudumia watu mezani huko London, bila familia karibu. Kansa ikamlaza hospitalini akiwa na miaka 40. Aliyekuwa anakuja kukaa naye ni Cicely Saunders, zamani nesi, wakati huo mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa hospitali. Walizungumza sana juu ya mahali pa kufia palipo bora kuliko wodi yenye makelele. Tasma alikufa Februari 1948 na kumwachia Saunders pauni 500, akitaka ziwe dirisha katika nyumba ambayo siku moja angeijenga. Hebu fikiria: mtu yuko ugenini, hana mtoto wa kumzika, anaacha dirisha. Na nyumba yenyewe bado haipo!

Ilichukua miaka 19. Saunders alianza kwa kujitolea: jioni, baada ya kazi, alikwenda kuhudumu kama nesi katika nyumba moja ya wanaokufa. Huko aliona wagonjwa wanapewa dawa ya maumivu kwa saa zilizopangwa, kabla maumivu hayajarudi, siyo kusubiri mpaka mtu apige kelele. Daktari mmoja wa upasuaji akamshauri asomee udaktari. Alianza akiwa na miaka 33, akamaliza 1957. Mwaka uliofuata akaingia St Joseph's, nyumba ya masista iliyokuwa Hackney, London, tangu 1905, akaanza kuandika na kupima faida ya mpango ule wa dawa. Mwaka 1967 akafungua St Christopher's, Sydenham, kusini mwa London. Dirisha la Tasma liko pale mpaka leo, kioo cha kawaida tu, karibu na mlango wa kuingilia.

Hata jina lina maana kwetu. Christopher ni mtakatifu wa wasafiri. Na neno hospisi linatokana na Kilatini, hospitium, yaani mapokezi ya wageni. Zamani Ulaya hospisi zilikuwa nyumba za kulaza mahujaji na watu walioko njiani. Karne ya 19 ndipo neno hilo likaanza kuitwa nyumba za wanaokufa, kule Lyon Ufaransa, halafu Dublin mwaka 1879. Kwa hiyo tangu mwanzo ni nyumba ya mtu aliye safarini.

Sasa turudi kwenye bustani. Kazi yenyewe iko hivi. Majani yaliyopukutika yanaondolewa kwenye vijia, maana yakilowa yanateleza, na viti vya magurudumu vinapita pale. Kisha yanatandazwa kwenye udongo, kama sisi tunavyofunika migomba. Bomba la nje linafungwa na mipira ya maji inamwagwa, la sivyo maji yakiganda yanapasua kila kitu. Chakula cha ndege kinaning'inizwa karibu na madirisha, kwa sababu mwezi wa 12 jua la London linazama kabla ya saa kumi jioni, na mgonjwa aliyelala anataka kitu cha kutazama katika mchana ule mfupi. Dalia, ua lenye asili ya Mexico, haliwezi baridi ya kugandisha: viazi vyake vinachimbuliwa, vinakaushwa na kuwekwa ndani, kwenye mchanga mkavu, mpaka baridi iishe. Pelagonia zilizotoka kusini mwa Afrika nazo zinaingizwa ndani. Dada yangu alicheka sana: "Wakimbizi wenzetu hao, lazima uwape nyumba!"

Uganda hapa tuna hospisi pia. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, kwa mofini ya maji ya kunywa, ya bei nafuu. Mwaka 2004 sheria ikaruhusu manesi waliofunzwa kuiandika. Lakini haikutufikia sisi. Mama alikufa hapa Nakivale kwa kansa ya titi, nasi tulikuwa na panadoli tu. Siku za mwisho tulikuwa tunamtoa nje na godoro lake, chini ya avoka. Mti ule baba aliupanda mwaka wetu wa kwanza kwenye kiwanja, na majirani walimcheka: "Wewe mzee, unapanda mti, kwani hatutarudi nyumbani?" Baba hakuwahi kula tunda lake. Mama alipata kivuli.

Mwezi wa nne dada alinitumia picha: tulipu nyekundu mbele ya dirisha. Akaeleza kwamba Novemba ile mgonjwa mmoja, mzee mpenda bustani, aliomba kitanda chake kisogezwe dirishani. Akawa anawaonyesha kwa kidole: hapa, hapana, pale, zisibanane. Siku hiyo alikula vizuri. Alikufa kabla ya Krismasi. Mke wake ndiye aliyerudi kuzitazama zilipochanua, akabaki kunywa chai, na sasa yeye pia anakuja Jumanne.

Mimi mvua hizi nimechimba mashimo mawili karibu na avoka ya baba. Jirani ameniuliza kama sina mpango wa kurudi Kongo. Nimemwambia ninao. Halafu nimemwomba anishikie mche.