Tezo, Grainda na Mashine ya CNC: Namna Wagusii Walivyojifunza Kukata Mawe

Tabaka iko kwenye milima ya Mugirango Kusini, kaunti ya Kisii, na jina lake limejulikana duniani kwa sababu ya kitu kilicho chini ya mashamba yake. Chini ya migomba na mahindi kuna jiwe linaloitwa jiwe la sabuni, kwa kuwa likilowa huteleza mkononi kama mche wa sabuni. Wanajiolojia hulieleza kuwa mwamba wa volkano uliobadilishwa polepole na maji ya moto yaliyopenya ndani yake, hata madini yake mengi magumu yakawa laini. Rangi yake hutegemea madini ya chuma yaliyomo: jeupe, la maziwa, la waridi, jekundu, la kijivu. Hukatika kwa kisu cha jikoni. Hata hivyo ndani yake mnaweza kuwa na chembe za kwazi, madini yaliyo magumu kuliko kisu chenyewe, na chembe hizo zina sehemu kubwa katika habari hii.

Kabla ya soko la watalii, Wagusii, wenyeji wa milima hiyo, walilitumia jiwe hilo kwa mahitaji ya nyumbani na ya mila. Walichonga viko vya kuvutia tumbaku na bakuli, na unga wake ukapakwa mwilini siku za sherehe. Waingereza walipoweka kituo chao cha utawala Kisii mwaka 1907, walitokea wanunuzi wa aina nyingine: maofisa, wamisionari, na baadaye wageni waliotaka kubeba kumbukumbu. Baada ya uhuru wa 1963 utalii ulipanuka, na vifaru, twiga, sahani na seti za sataranji kutoka Tabaka zikajaa kwenye maduka ya Nairobi na Mombasa. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka aliyesomea sanaa Makerere, alilifikisha jiwe hilo hata Paris, ambako sanamu yake ya Ndege wa Amani imesimamishwa katika makao makuu ya UNESCO.

Kazi ilifundishwa nyumbani, na ilikuwa na ngazi zake. Mtoto wa mchongaji alianzia kwenye beseni. Alikaa na mama au dada zake akisugua kwa msasa ndani ya maji vitu vilivyokwisha kuchongwa, akianza na msasa wenye chenga kubwa na kumalizia na ule laini kabisa. Muda wote huo vidole vyake vilikuwa vikijifunza jiwe: mahali linapokwaruza, mahali penye ufa usioonekana kwa macho, mahali ambapo rangi mbili zimeungana na huenda zikaachana. Baadaye alipewa tupa, kisha kisu. Panga na tezo zilikuja mwisho, maana zana hizo huondoa jiwe jingi kwa pigo moja na pigo hilo halirudi. Fundi hukaa chini, jiwe likibanwa kwa miguu au kulazwa juu ya gunia, na makali huelekezwa mbali na paja. Kabla ya kuanza hulibisha jiwe na kusikiliza. Jiwe zima hulia. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa, na hilo huwekwa kando liwe la vitu vidogo.

Mpangilio huo ulikuwa na usalama ndani yake, ingawa haukuitwa hivyo. Mgeni wa kazi alikaa muda mrefu kwenye hatua isiyoweza kumkata, na hatua hiyo ilifanyika majini, ambako vumbi haliruki. Lakini si vyema kuisifu enzi hiyo kupita kiasi. Kuchonga kwa panga na tupa hufanyika kwenye ukavu, na mchongaji humaliza siku nyusi zake zikiwa nyeupe kwa unga. Hatari iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa kwenye timbo. Jiwe huchimbwa kwa jembe, sululu na mtaimbo, na wachimbaji hufuata mshipa mzuri kuingia chini ya ukingo wa udongo. Gusii ni nchi ya mvua nyingi. Ukingo uliolowa ukikatwa mguu huanguka bila kuonya. Hapo hapakuwa na beseni la kujifunzia. Kijana aliingia timboni siku mwili wake ulipoonekana una nguvu za kutosha.

Mashine zinazozunguka zilifika Gusii kwa njia ya chakula na chai. Mashine ya posho ilikuwa shule ya kwanza ya watu wengi. Injini hukaa upande mmoja, kinu upande mwingine, na kati yake hupita mkanda mrefu unaokimbia wazi. Mkanda huo ukishika pindo la leso au mkono wa koti, huvuta nguo kwanza na mwenye nguo baadaye. Kila kijiji chenye mashine ya posho kilijua kwamba mtoto hapiti upande wa mkanda. Katika kaunti jirani ya Nyamira, viwanda vya chai kama Nyansiongo, Kebirigo na Sanganyi, vilivyo chini ya mfumo wa wakulima wadogo ulioundiwa shirika la chai la KTDA mwaka 1964, vilileta mashine kubwa zaidi: roli za kusaga majani, feni za kukaushia, mota za umeme. Vilileta pia desturi mpya kwa mafundi wa vijijini, yaani mashine kuzimwa na kufungwa kabisa kabla ya mkono kuingia ndani kuifanyia matengenezo, na kifuniko kurudishwa kabla ya kuiwasha tena.

Elimu ya darasani ilifuata taratibu. Serikali ya kikoloni ilianzisha chuo cha ufundi cha Kabete mwaka 1924, lakini nafasi zilikuwa chache na njia ndefu. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza vijana waende wapi baada ya shule ya msingi, na kutokana na ripoti hiyo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wananchi wa Gusii walichanga kwa harambee wakajenga Gusii Institute of Technology, ambayo leo ni Kisii National Polytechnic. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulipeleka useremala na sanaa hadi shule za msingi. Kwenye karakana za vyuo vya ufundi mwanafunzi alikutana na mashine ya kerezo na keekee ya kusimama, na akafundishwa sheria zilizoandikwa ukutani: mikono ya shati ikunjwe, nywele zifungwe, ufunguo wa choki usiachwe kwenye choki.

Mabadiliko makubwa kwa wachongaji hayakutoka darasani. Yalitoka dukani, pamoja na stima. Mamlaka ya umeme vijijini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na baadaye mradi wa Last Mile ulioanza 2015, vilifikisha nyaya kwenye maboma ambayo yalikuwa yakitumia koroboi. Nyaya zilifuatwa na grainda ya mkononi. Chombo hiki kilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1950 kwa ajili ya chuma. Kwa mchongaji kikafanya kwa dakika kazi ambayo tupa huifanya kwa saa. Diski yake ya kawaida ina upana wa milimita 115 na huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wa diski hiyo, ukipigiwa hesabu, unakwenda mita 66 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 240 kwa saa, na hufanya hivyo sentimita chache kutoka kwenye vidole vya mtu aliyechuchumaa.

Grainda iliziruka ngazi za kujifunza. Kijana aliweza kuinunua asubuhi mjini Kisii na kuitumia mchana bila kupita kwenye msasa wala tupa. Diski ikikwama kwenye ufa wa jiwe, chombo kizima hurudi nyuma kumwelekea aliyekishika. Wengi huondoa kifuniko cha diski ili kuifikia kona ya ndani ya bakuli, na kifuniko ndicho kinachozuia kipande cha diski iliyopasuka kisifike usoni. Stima ikipotea swichi ikiwa imefungwa kwenye hali ya kuwaka, stima ikirudi baada ya nusu saa grainda huanza kuzunguka yenyewe mahali ilipolazwa. Vumbi nalo lilibadilika. Unga wa panga huanguka chini. Unga wa diski huelea hewani, na ndani yake mna zile chembe za kwazi zilizosagwa hadi kuwa ndogo kuliko unene wa unywele mara nyingi. Chembe za kiasi hicho hupita puani na kooni bila kuzuiwa, zikakaa ndani ya mapafu, na makovu zinayoyaacha hayaponi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kuwakinga wafanyakazi na vumbi la aina hiyo, lakini mchongaji wa Tabaka mara nyingi hana mwajiri. Anafanya kazi uani kwake, na wanaovuta vumbi lile ni watoto wake.

Mashine iliyofuata grainda, ile ya CNC inayoongozwa na kompyuta, ina historia iliyoanzia mbali sana na Gusii. John Parsons wa Michigan, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, alitafuta namna ya kukata maumbo ya kupinda kwa kufuata hesabu badala ya jicho. Chuo cha MIT kilionyesha mashine ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1952, ikisoma amri kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa. Kwa nusu karne ilibaki mali ya viwanda vikubwa. Kilichoishusha bei ni vitu viwili: bodi ndogo ya Arduino iliyotoka Ivrea, Italia, mwaka 2005, na programu ya bure ya GRBL iliyofuata mwaka 2009, ambayo huiwezesha bodi hiyo kuendesha mota tatu kwa pamoja. Tangu hapo mashine ndogo ya mezani, kwa mfano ile inayokata eneo la sentimita 30 kwa 18, imekuwa kitu ambacho mwanafunzi wa chuo au kikundi cha vijana kinaweza kukiagiza na kukiunga chenyewe.

Kwa mkataji wa jiwe la Kisii, mashine hii huondoa hatari moja na kuleta nyingine. Mkono hauko tena kwenye makali. Lakini mashine haisikii jiwe likilia, wala haitambui ufa. Hufuata amri tu. Amri zenyewe ni herufi na tarakimu. G1 X40 F200 humaanisha kata kuelekea alama ya milimita 40 kwa mwendo wa milimita 200 kwa dakika. G0 humaanisha nenda upesi iwezekanavyo, na imekusudiwa kutumika kikatio kikiwa juu hewani. Mgeni akiandika G0 mahali pa G1 wakati kikatio kimezama ndani ya jiwe, huweza kukivunja papo hapo, na kipande cha chuma kikaruka. G21 huiambia mashine ihesabu kwa milimita, G20 kwa inchi. Kuandika G20 mahali pa G21 hukuza kila mwendo mara 25.4, hata mashine ikagonga ukingo wa fremu yake.

Ndiyo maana mafunzo mazuri ya mashine hii hurudisha ngazi zilizorukwa na grainda. Siku za mwanzo mashine husogezwa kikatio kikiwa hakijafungwa, mpaka mwanafunzi ajue bila kufikiri upi ni mwelekeo wa X, upi wa Y, na upi wa Z. Kisha kazi nzima huchezwa hewani, sentimita mbili juu ya kipande, jicho likifuata njia. Kipande cha kwanza huwa mbao laini. Jiwe huja baadaye, likikatwa tabaka nyembamba za nusu milimita. Kidole hukaa karibu na swichi inayokata umeme wenyewe, kwa sababu kitufe kilicho kwenye skrini hakisaidii kompyuta ikiganda. Stima ikipotea katikati ya kazi, mashine hupoteza kumbukumbu ya mahali ilipo. Huchomolewa, na umeme ukirudi hupimwa upya kutoka sifuri kabla ya kuendelea. Glavu, ambazo wengi huzidhani kinga, huvuliwa karibu na kikatio kinachozunguka, kwa sababu ileile iliyowafanya wazazi wa Gusii wawakataze watoto kupita upande wa mkanda wa posho na leso inayopepea.

Kulishika jiwe ni kazi yenye somo lake. Mguu wa mchongaji ulilizoea umbo lolote, lakini meza ya mashine inataka tako bapa. Jiwe hukatwa kwa msumeno wa mkono na kusuguliwa upande mmoja mpaka litulie bila kuyumba. Jiliwa likikazwa moja kwa moja hulipasua jiwe, kwa hiyo vibao viwili vya mbao huwekwa kati ya chuma na jiwe, na skrubu hukazwa kwa vidole vitatu tu. Fundi hulisukuma kwa kiganja kila upande. Likisogea hata kidogo, haliko tayari.

Maji nayo, rafiki wa zamani, hayawezi kutumika hovyo hapa. Yakimwagika kwenye reli huleta kutu, na yakifika kwenye nyaya huleta mshtuko. Mashine ndogo hukata jiwe likiwa kavu, kwa hiyo kinachohitajika ni mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha unga mwembamba, mdomo wake ukiwa kando ya kikatio. Inahitajika pia barakoa ya N95 au FFP2 iliyobana pande zote za uso, kwa sababu kitambaa hakizuii chembe hizo. Linahitajika pia banda lililotengwa na jikoni na chumba cha kulala. Kazi ikiisha, umeme huzimwa, na meza hufutwa kwa kitambaa kilicholowa. Kupuliza kwa mdomo au kwa pampu hurudisha hewani kila kitu kilichokwisha kutua.

Kinachotoka kwenye mashine bado si kitu cha kuuzwa. Uso wake una mistari myembamba iliyoachwa na kikatio, kama shamba lililolimwa kwa ng'ombe, na vidole huihisi hata pale jicho lisipoiona. Huondolewa kwenye beseni la maji, kwa msasa mkubwa kisha mdogo, mpaka uso uwe laini. Hukaushwa juani, hupakwa nta, na husuguliwa kwa kitambaa mpaka ung'ae.