Kila Sheria na Kisa Chake: Mgeni katika Kamusi Elezo ya Mtandaoni

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, wahenga walinena kuwa ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Methali hii inamfaa sana mgeni anayetaka kuchangia Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo ya mtandaoni inayoandikwa na watu wa kujitolea. Jioni anaandika aya tatu kwa Kiswahili sanifu. Asubuhi anakuta zimefutwa. Hukasirika akaapa kutorudi tena. Dai la makala haya ni kwamba hasira hiyo hutokana na kukutana na sheria bila kuijua historia yake. Sheria za pale zina visa vyake, na anayekijua kisa haioni sheria kuwa tusi.

Tuchukue mfano wa karibu. Tuseme uko Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, nawe unataka kuandika kuhusu Menengai, kreta ya volkeno iliyo kaskazini mwa jiji hilo. Unaandika hivi: "Menengai ndiyo kreta ya kupendeza kuliko zote Afrika, nayo ilipata jina hilo kutokana na maiti za wapiganaji waliotupwa humo." Habari ya maiti ulisimuliwa na nyanya yako. Je, kosa li wapi?

Kosa la kwanza ni kuegemea upande. Wikipedia ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger. Kabla yake walikuwa na Nupedia, iliyoanza mwaka 2000, ambayo makala yake yalikaguliwa na wataalamu hatua kwa hatua. Makala yaliyokamilika yalikuwa machache mno. Ndipo wakaazima mbinu ya Ward Cunningham, aliyeunda mwaka 1995 tovuti ambayo msomaji yeyote angeweza kuihariri, akaipa jina la Kihawaii lenye maana ya haraka. (Kwa hiyo "wiki" hapa si siku saba.) Mlango ulipofunguliwa, waliingia watu wa kila dini, siasa na taifa, na kila mmoja alitaka neno lake liwe la mwisho. Wasingeweza kukaa nyumba moja bila kukubaliana kueleza kila upande pasipo kuupigia debe wowote. Katika insha ya kubuni, chuku ni pambo. Katika kamusi elezo ni doa. Badala ya "kuliko zote Afrika", andika kwamba kilele chake kiko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Msomaji ataamua mwenyewe kama panapendeza.

Kosa la pili ni kutotaja chanzo. Mwezi Mei 2005, mtu aliyejificha aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza kwamba mwanahabari wa Marekani, John Seigenthaler, aliwahi kushukiwa kuhusika katika mauaji ya Rais John F. Kennedy na nduguye Robert. Ulikuwa uongo mtupu, nao ulikaa takribani miezi minne bila kugunduliwa. Mzee wa watu alilalamika hadharani, na Desemba mwaka huo wasiojiandikisha wakazuiwa kuanzisha makala mapya katika Wikipedia hiyo. Sheria ya kuthibitisha ilikuwepo tayari. Kisa hiki kiliipa meno. Mhariri anapokuuliza umeyatoa wapi maneno yako, hakuiti mwongo. Anakumbuka yaliyompata Seigenthaler.

Sheria hii ina ndugu yake ambaye huwatatiza hasa walimu wa fasihi, nayo ni marufuku ya utafiti wa mwandishi mwenyewe. Katika karatasi ya tatu ya KCSE, mtahiniwa hupata alama kwa kutoa hoja yake na kuitetea kwa ushahidi kutoka katika kitabu. Lakini ukiandika katika makala kuhusu *Siku Njema* (1996) ya Ken Walibora kwamba safari ya Kongowea ni ishara ya jambo fulani, utaulizwa ni mhakiki gani aliyesema hivyo, na wapi. Maoni yako yaweza kuwa bora kuliko yote yaliyochapishwa. Hata hivyo, pahali pake ni jarida la uhakiki.

Funzo la tatu linatoka kwetu wenyewe. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Novemba 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano la uandishi kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, zawadi zikiwemo kompyuta za mkononi. Makala yaliongezeka, lakini anayeandika kwa ajili ya zawadi aghalabu huondoka zawadi zikishatolewa, na makala hubaki yatima. Pale makala mafupi huitwa "mbegu", na mbegu huhitaji mkulima. Kufikia mwaka 2023 kamusi elezo hiyo ilikuwa imepita makala 70,000, na kazi ya kuyapalilia ni ya kila siku. Ndiyo maana mgeni hushauriwa aanze kwa kusahihisha yaliyopo, aeleze kwa ufupi alichobadilisha, na akitofautiana na mwenzake waende kwenye ukurasa wa majadiliano badala ya kufutana. Aidha, kila badiliko huhifadhiwa katika historia ya ukurasa. Kwa kawaida, aya zako zilizofutwa bado zimo humo, zifungue, uzirekebishe.

Sasa turudi kwa nyanya. Jina Menengai huelezwa kuwa la Kimaa, na masimulizi hulihusisha na vita vya karne ya 19 baina ya Ilpurko na Ilaikipiak. Sisi darasani huyaita masimulizi ya aina hii mapisi au visakale, na tunayatahini. Lakini kamusi elezo hudai maandishi yaliyochapishwa. Mwaka 2011 Achal Prabhala wa India aliongoza mradi uliorekodi wasimulizi nchini India na Afrika Kusini ili sauti zao zitumike kama vyanzo, na ikatokea filamu iitwayo *People Are Knowledge*. Pendekezo hilo halikugeuka kuwa sheria ya jumla. Waama, hapa pana dhuluma: jamii iliyohifadhi historia yake kinywani huonekana kama haina historia. Lakini tukisema kila neno la mdomo litoshe, tutamkaribisha tena yule mwongo wa mwaka 2005.

Suluhisho liko mikononi mwetu. Utafiti wa nyanjani umo katika silabasi. Mwalimu wa Njoro, Molo, Gilgil au Naivasha na awatume wanafunzi wake kwa wazee, wakiwa na idhini na kinasa sauti. Waandike jina la msimulizi akiridhia, pamoja na mahali na tarehe. Kisha masimulizi hayo yapelekwe kwenye jarida au kitabu chenye mhariri, yachujwe na kuchapishwa. Hapo nyanya atakuwa chanzo, na mwandishi mwingine ataweza kumtaja bila kufutwa. Tarehe 6 hadi 9 Agosti 2025, wahariri wa kamusi elezo hii kutoka pembe zote za dunia walikutana Nairobi katika kongamano la Wikimania. Mgeni amekuja, mwenyeji naye alete alichonacho.

Zoezi: Iandike upya sentensi ile ya Menengai bila chuku, ukitenganisha lililopimwa na linalosimuliwa. Kisha utaje ni nani anayelisimulia.