Nani Anastahili? Ugomvi wa Neema Uliowakuta Watu Wakiwa Wakimbizi



Neno "kustahili" sisi tunalijua vizuri sana. Kuna vigezo vya mgao, vigezo vya shitingi, vigezo vya kesi ya kwenda nchi ya tatu. Mmoja akiitwa kwenye mahojiano na jirani yake asiitwe, maneno yanaanza: eti huyu aliomba sana, eti yule anabeba dhambi za wazazi wake. Pole pole tunaanza kumuona Mungu kama ofisi moja kubwa yenye foleni, na sisi tumesimama nje tukisubiri kusikia jina letu.

Ndo maana leo nataka tuangalie historia ya swali moja la Ukristo: je, kuna mtu anayestahili wokovu, au wokovu ni neema tupu? Swali hili liligombaniwa vikali kati ya mwaka 410 na 430. Sehemu kubwa ya ugomvi ilitokea Afrika, na wengi waliohusika walikuwa wakimbizi.

Tuanze na vita. Tarehe 24 Agosti 410 jeshi la Wagothi likiongozwa na Alaric liliingia Roma na kupora mji kwa siku tatu. Kwa miaka karibu 800 hakuna adui wa nje aliyekuwa ameuteka mji ule. Watu wakakimbia. Wengine walikwenda Sicily na Palestina, na wengi wakavuka bahari mpaka Afrika ya Kaskazini, sehemu ambazo leo ni Tunisia na Algeria.

Kati yao alikuwemo msichana anaitwa Demetrias, wa ukoo wa Anicii, moja ya koo tajiri kabisa za Roma. Alifika Carthage pamoja na mama yake Juliana na bibi yake Proba. Padri Yeronimo, yule aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, aliandika kwamba bibi huyo aliuona moshi wa nchi yake akiwa baharini, ndani ya mashua dhaifu. Na kufika hakukuwa mwisho wa shida. Mkuu wa majeshi wa Afrika, Heraclianus, aliwakamua wakimbizi pesa. Yeronimo anamshutumu hata kwa kuwauza wasichana wakimbizi kwa wafanyabiashara ili wawaoe. Hapo msomaji wa kambini hahitaji maelezo.

Mwingine aliyepita njia hiyo hiyo ni Pelagius, mtu wa asili ya Britania. Alikuwa amekaa Roma miaka mingi akiwafundisha Wakristo kuishi maisha safi. Alishukia Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba, kisha akaenda Carthage, halafu Palestina. Askofu wa Hippo alikuwa Augustino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste mwaka 354. Pelagius alipopita Hippo, Augustino hakuwepo. Baadaye alimwona Carthage mara moja au mbili tu, kila mtu akiwa na shughuli zake. Ugomvi wao wote ulikwenda kwa barua na vitabu.

Pelagius alikuwa anasema nini? Huko Roma alichoshwa na watu wanaobatizwa halafu wanaendelea kuishi kama zamani, wakijitetea kwamba mwanadamu ni dhaifu. Yeye akasema: Mungu hawezi kuamuru jambo lisilowezekana. Akikukataza kuiba, maana yake amekupa uwezo wa kutoiba. Uwezo huo, pamoja na sheria na mfano wa Kristo, ndiyo neema yenyewe. Mtoto hazaliwi na dhambi ya Adamu. Kila mtu anachagua mwenyewe, na atahukumiwa kwa alichochagua. Mwanafunzi wake Caelestius alibaki Carthage akayasema hayo kwa ukali zaidi, na mwaka 411 maaskofu wa huko wakamhukumu.

Sasa turudi kwa Demetrias. Karibu mwaka 413 aliamua kuacha ndoa aliyokuwa ameandaliwa, akajiweka wakfu kwa Mungu. Habari ilisambaa, na viongozi wa dini wakaandika barua. Pelagius alimwandikia kumtia moyo: cheo umepewa na ukoo, mali umepewa na wengine, lakini utajiri wa roho hakuna wa kukupa isipokuwa wewe mwenyewe. Jaribu kufikiria neno hilo masikioni mwa msichana aliyekimbia mji unaoungua. Vyote vinaweza kuporwa, lakini wema wako ni wako. Ni neno tamu, na lina heshima ndani yake.

Augustino aliposoma maneno hayo akashtuka. Yeye na rafiki yake Alypius, askofu wa Thagaste, wakamwandikia Juliana, mama yake msichana: tahadhari, huo utajiri wa roho nao ni zawadi. Ukisema umejipa mwenyewe, kesho utajisifu, na ukianguka hutakuwa na pa kushika.

Kwa nini alisisitiza hivyo? Augustino aliona kwamba utashi wa mwanadamu ni mgonjwa. Mimi ningesema hivi: mtu mwenye malaria kali ana miguu, lakini huwezi kumwambia "simama ukimbie mpaka zahanati kwa sababu miguu unayo." Anahitaji kubebwa kwanza. Kwa Augustino neema haikuwa maelekezo ya njia tu, ilikuwa ni kubebwa. Hata ile hamu ya kumgeukia Mungu mtu amepewa. Kwa hiyo anayeokolewa haokolewi kwa sababu alistahili, na hana sababu ya kumdharau aliye chini yake.

Kesi haikwisha haraka. Desemba 415 maaskofu wa Palestina walikutana Diospolis wakamwona Pelagius hana kosa. Waafrika hawakukubali. Tarehe 1 Mei 418 maaskofu zaidi ya 200 walikutana Carthage wakayakataa mafundisho yake, na mwaka huo huo Papa Zosimus naye akayahukumu. Kaisari Honorius alikuwa ameshatoa amri Pelagius na Caelestius wafukuzwe Roma. Baada ya hapo jina la Pelagius linapotea katika kumbukumbu.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Upande ulioshinda ulikuwa unahubiri neema, lakini ulishinda pia kwa mkono wa serikali. Maaskofu 18 wa Italia waliokataa kutia sahihi walipoteza nafasi zao, wengine wakaishia uhamishoni. Mmoja wao alikuwa Julian wa Eclanum, na yeye alimuuliza Augustino swali gumu kuliko yote: ni Mungu gani wa haki anayemhukumu mtoto mchanga ambaye hajafanya lolote? Augustino alikuwa amefundisha kwamba mtoto anayekufa bila ubatizo hapati ufalme wa Mungu, ingawa adhabu yake ni nyepesi kuliko zote. Alifundisha pia kwamba Mungu amewachagua watakaookolewa tangu mwanzo. Makanisa hayakumeza yote. Mwaka 529 maaskofu waliokutana Orange, Ufaransa ya leo, walikubali kwamba neema inatangulia kila jema letu, lakini wakakataa katakata kwamba Mungu amempangia mtu yeyote kutenda uovu.

Kuna jambo jingine la Augustino ambalo kwa maoni yangu vijana wa kambini tunalihitaji zaidi. Baada ya Roma kuporwa, watu walianza kuuliza kama waliopatwa na mabaya walistahili. Mwaka 413 akaanza kuandika kitabu kikubwa, Mji wa Mungu. Mwanzoni kabisa anaonyesha kwamba msiba uliwapata wema na wabaya pamoja, kwa hiyo msiba si kipimo. Akawatetea wanawake waliobakwa na askari: usafi wao haukupotea, hatia ni ya aliyetenda. Karne ya tano hiyo! Na bado leo kuna dada zetu wanaonyooshewa vidole kwa yale waliyotendewa njiani.

Mwisho wake na yeye ulikuwa wa vita. Wavandali walivuka kutoka Hispania mwaka 429, na mwaka 430 wakauzingira mji wa Hippo. Askofu mmoja alikuwa ameuliza kama viongozi wa kanisa wanaruhusiwa kukimbia. Augustino alijibu kwamba mchungaji asiondoke wakati watu wake bado wanamhitaji. Hippo ilijaa wakimbizi, na rafiki yake Possidius, askofu wa Calama, alikuwa mmoja wao. Possidius ndiye aliyeandika jinsi Augustino alivyokufa. Akiwa mgonjwa kitandani, aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kuwekwa ukutani, akazisoma huku analia. Alikuwa askofu karibu miaka 35 na vitabu vyake havihesabiki kirahisi, lakini hakutafuta cheti chochote cha kumuonyesha Mungu. Aliomba msamaha kama mtu mwingine yeyote. Alifariki tarehe 28 Agosti 430.

Mimi nachukua nini hapo? Kutoka kwa Pelagius nachukua kwamba udhaifu usiwe kisingizio. Kijana anayepiga mke au anayeiba shitingi ya jirani asiseme "maisha ya kambi ndo yamenifanya." Kutoka kwa Augustino nachukua kwamba hakuna mtu mwenye madai mbele za Mungu, wala askofu, wala mimi. Aliyepanda ndege hakupanda kwa sababu ni mwema kuliko mama aliyebaki miaka 20 kwenye nyumba ya udongo. Mama huyo hajaadhibiwa.

Na kwenu wafanyakazi wa mashirika: vigezo lazima viwepo, kwa sababu unga una mwisho na mahema yana idadi. Lakini kigezo kinapima uhitaji, hakipimi thamani ya mtu. Tunaomba mtuambie hivyo kwa maneno pale dirishani, maana mtu akisikia tu "hustahili" anarudi nyumbani na neno hilo zima zima, na usiku anaanza kuamini kwamba limetoka mbinguni.

Swali la Julian juu ya watoto wachanga bado linanisumbua. Sisi tumezika watoto hapa. Niandikieni mnalionaje, Wakatoliki, Wapentekoste, na ndugu zetu Waislamu pia mkipenda.