Swali la Mzee wa Majoreni

Mgeni afikaye Majoreni, kusini mwa pwani ya Kenya, hukaribishwa kwa wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Si ajabu basi kwamba mzee wa huko, aambiwapo na daktari kuwa damu yake ina lehemu nyingi, yaani kolesteroli, huuliza kwa mshangao: chakula kilichowalea babu zangu kimegeukaje adui? Swali hili ni la haki, na historia ina jibu lake.

Lehemu si sumu. Ini huitengeneza, na mwili hauwezi kuishi bila yake. Lakini izidipo katika damu, hujikusanya katika kuta za mishipa kidogo kidogo, kwa miaka mingi, pasipo maumivu. Siku mshipa wa moyo au wa ubongo uzibikapo, mtu hufa ghafula au hupooza.

Mwaka 1913 Nikolai Anitschkow wa Urusi aliwalisha sungura lehemu, na mishipa yao ikaharibika. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones walitangaza uchunguzi wao wa Uganda. Waafrika walikuwa na lehemu chache katika damu, na maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa karibu hayapo kwao. Kwa Waasia wa nchi hiyohiyo lehemu ilikuwa juu, na maradhi hayo yalikuwa balaa kubwa. Jua lilikuwa moja. Vyungu vilikuwa mbalimbali.

Kisiwa cha Mauritius kilitoa ushahidi mwingine. Mwaka 1987 serikali ilibadili mafuta ya kupikia ya watu wengi, yaliyokuwa ya mawese kwa sehemu kubwa, yakawa ya soya. Kufika mwaka 1992 wastani wa lehemu ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 hadi 4.7 kwa lita.

Hata hivyo, wako watu ambao chakula peke yake hakiwatoshi, kwa kuwa wamerithi lehemu nyingi. Kwa ajili yao Akira Endo wa Japani alichunguza maelfu ya kuvu, na mwaka 1973 akapata katika mmoja wao kitu kizuiacho ini kutengeneza lehemu. Ini likikosa ya kwake, huivuta ile iliyomo katika damu. Dawa ya kwanza ya jamii hiyo, lovastatin, iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Mwaka 1994 uchunguzi wa wagonjwa 4,444 katika nchi za Skandinavia ulionyesha kwamba dawa ya namna hiyo ilipunguza vifo kwa asilimia 30.

Sasa tumjibu mzee wetu. Mafuta ya nazi ni ya aina ipandishayo lehemu. Lakini babu zake walilima kwa jembe, walipiga makasia, na walikula muhogo, kunde na mboga za majani. Sisi tumeongeza vya kukaanga na tumepunguza mwendo. Basi tui lipunguzwe, kunde na samaki wa kuchemsha viongezwe, na dawa iliyoandikwa na daktari isiachwe kwa sababu tu mwili hauumi.

Nawe, kijana usomaye, huenda ndiwe utakayemsomea babu yako maandishi ya kikopo cha dawa. Msomee polepole, na kesho umwulize kama amemeza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa mshipa haujengwi mara ya pili.