Kichwa Kilichomeza Jua

Waswahili husema jua limepatwa, kama mtu aliyepatwa na homa. Nchini India nako tukio hilo huitwa grahan, neno la asili ya Kisanskriti lenye maana ya kukamatwa. Ndugu yake wa damu ni graha, neno linalotumika kwa sayari: hata Mirihi na Zohali, kwa jina hilo, ni wakamataji. Ukizichukua sayari tano zinazoonekana kwa macho, ukaongeza Jua na Mwezi, unapata saba, na saba hao ndio waliozipa siku za juma majina yake ya Kihindi. Somvar ni siku ya Mwezi, Mangalvar ya Mirihi, Shanivar ya Zohali. Lakini hesabu ya Wahindi haikuishia saba. Ilifika tisa, na wale wawili wa mwisho hakuna jicho lililowahi kuwaona.

Ni Rahu na Ketu. Kisa chao kinasema miungu na majitu waliisukasuka bahari ya maziwa ili wapate kinywaji cha kutokufa. Jitu moja likajigeuza umbo, likaketi katika safu ya miungu na kupiga funda. Jua na Mwezi wakalichongea, na mungu Vishnu akalikata kichwa kabla kinywaji hakijapita kooni. Kichwa kikabaki hai, ndiye Rahu. Kiwiliwili kikawa Ketu. Tangu siku hiyo Rahu huwawinda waliomchongea. Akimmeza mmoja, aliyemezwa hutokea shingoni, maana mmezaji hana tumbo. Hadithi imepangwa vizuri: inaeleza jua linavyopotea, na inaeleza pia kwa nini hurudi.

Mwaka 499 kijana wa miaka 23 aliyeitwa Aryabhata aliandika maelezo mengine. Kitabu chake, Aryabhatiya, kina beti 121 tu, zilizobanwa sana ili mwanafunzi azihifadhi moyoni. Humo Mwezi hauna nuru yake mwenyewe. Huiazima kwa Jua. Mwezi ukipita mbele ya Jua, Jua hupatwa. Mwezi ukiingia katika kivuli cha Dunia, ni zamu yake kupatwa. Kichwa cha jitu hakihitajiki. Tena Aryabhata alidai kwamba Dunia ndiyo inayojizungusha, na nyota huonekana kwenda magharibi jinsi miti ya ukingoni inavyoonekana kurudi nyuma machoni pa abiria wa mashua. Muda aliouhesabu wa mzunguko mmoja, ukipimwa kwa nyota, ni saa 23, dakika 56 na sekunde 4 hivi, na vipimo vya leo havitofautiani nao hata kwa sekunde moja. (Sayari, hata hivyo, aliziacha zikiizunguka Dunia. Si busara kumvika kofia ya Copernicus, aliyesema zinalizunguka Jua.)

Wenzake hawakumpigia makofi. Varahamihira, mwanafalaki wa mji wa Ujjain katika karne ya 6, alihoji: kama Dunia inazunguka, ndege walioruka asubuhi wanarudije kwenye viota vyao? Ni swali zuri kuliko linavyosikika, kwa sababu kulijibu sawasawa kunahitaji fizikia ambayo haikuwapo. Mwaka 628 Brahmagupta, mwanahisabati hodari aliyeandika kanuni za kutumia sifuri, alimkosoa Aryabhata na kumtetea Rahu, ingawa hesabu zake mwenyewe za kupatwa zilitegemea kivuli. Miaka 400 baadaye al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu aliyejifunza Kisanskriti, alikisoma kitabu cha Brahmagupta akamsuta. Alishuku kwamba mtu mwenye akili namna ile alikuwa akijikinga na hasira za makuhani.

Huenda al-Biruni alimhukumu kwa ukali mno. Njia ya Mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi kutoka njia ya Jua, na njia hizo mbili hukatana mahali pawili. Jua na Mwezi hupatwa tu vinapokuwa karibu na makutano hayo. Wanafalaki wa India waliyapa makutano majina yaliyokuwapo tayari: Rahu na Ketu. Kwa hiyo panchang, kalenda inayoonyesha siku na saa za ibada, ilipigiwa hesabu za kivuli, kisha ikasomwa na mama wa nyumbani aliyetaka kujua ni saa ngapi aanze kufunga kwa ajili ya jitu.

Kitovu cha hesabu hizo kilikuwa Ujjain. Longitudo ya sifuri ya Wahindi ilipita katika mji huo, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Greenwich kupewa heshima hiyo mwaka 1884. Waarabu waliuita Uzain. Wanakili wakakosea nukta moja, na vitabu vya Ulaya vikaandika Arin.

Maharaja Jai Singh wa Pili, aliyeanzisha Jaipur mwaka 1727, alijenga vituo vitano vya kutazama anga, kimojawapo Ujjain. Hakuviamini vyombo vidogo vya shaba, vinavyolegea na kuchakaa, akaamua kujenga kwa mawe. Saa yake ya jua ya Jaipur ina kimo cha mita 27 hivi, na kivuli chake hutambaa milimita moja kwa sekunde, mwendo ambao mgeni anaweza kuuona kwa macho yake.

Mwaka 1975 setilaiti ya kwanza ya India, iliyoitwa Aryabhata, ilirushwa angani. Miaka mitano baadaye, tarehe 16 Februari 1980, kivuli cha Mwezi kilipita Tanzania na Kenya, kikavuka Bahari ya Hindi na kuingia India alasiri. Wanasayansi walikuwa wamekwisha kutega darubini zao karibu na Hyderabad. Mijini, barabara zilikuwa tupu. Mahekalu yalifungwa, wajawazito wakakatazwa kutoka, na vyakula vikawekewa majani ya tulsi, ndugu wa mrihani, visinajisike. Televisheni ya taifa, ikihofia macho ya watoto kuliko hasira za Rahu, ikaonyesha filamu ya vichekesho, Chupke Chupke, ili watu wabaki ndani.