Sauti ya Mkulima Mnadani

Ndugu wanachama, wazee wetu wa Masasi na Newala walikwisha kuuona ushirika ukifa. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vyote. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Lakini imani ya watu hairudishwi kwa sheria.

Imani hiyo ilianza kurudi ghalani. Tangu msimu wa 2007/08, kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, kangomba amepata mpinzani. Korosho zetu hupimwa katika chama cha msingi, hupelekwa ghala kuu, na bei za wanunuzi husomwa mbele ya wakulima wenyewe, wakubali au wakatae.

Oktoba 2018 walikataa. Novemba Serikali ikatangaza kuzinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kukataa huko kulikuwa na gharama, maana wengi walingoja malipo miezi mingi. Lakini ilidhihirika kwamba mwenye mali ana kauli.

Basi chama hukuzwa na wanachama wanaohudhuria mkutano, wakasoma hesabu na kuuliza makato. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tusiliache daftari letu mikononi mwa viongozi peke yao.