Sijagongana na Mtu

Mwaka juzi nilipewa kazi ya kutafsiri mwongozo wa waandishi wa jarida dogo la afya linalotoka kwa Kiswahili. Kazi yenyewe haikuwa kubwa, kurasa 4 na fomu moja. Juu ya kisanduku cha mwisho cha fomu niliandika kile ambacho mfasiri yeyote angeandika: "Je, una mgongano wowote wa maslahi?" Daktari wa kwanza kuijaza, mama mtu mzima aliyezeeka akitibu magonjwa ya watoto, akanipigia simu. "Mwanangu, hapa nijaze nini? Mimi sijagongana na mtu." Nikamwambia kama hakuna, aandike hakuna. Akaandika. Tukaendelea na maongezi, na katikati ya kunisimulia alivyoonana na mwenzake wa chuo kwenye mkutano mjini Kigali, akataja kwamba tiketi na hoteli vililipwa na kampuni ya vipimo vya malaria. Makala aliyoileta ilihusu vipimo vya malaria.

Hakunidanganya. Alijibu swali nililomuuliza, na swali ndilo lililokuwa bovu.

"Mgongano wa maslahi" si tafsiri ya ovyo. Tanzania, Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma inaitumia kila siku, na Waarabu, ambao kwao tuliazima neno maslahi, nao husema maslahi yanagongana. Tatizo liko masikioni. Mabasi mawili hugongana uso kwa uso. Mgongano una saa yake na mahali pake, na trafiki akifika cha kwanza kuuliza ni nani mwenye makosa. Tena wa kugongana lazima wawe wawili: wakulima na wafugaji, mwenye nyumba na mpangaji. Mtu aliyeketi peke yake na kompyuta yake usiku, anaandika makala, atagongana na nani?

Maslahi nayo yana mambo yake. Litaje neno hilo mbele ya walimu au wauguzi uone: watasikia mshahara, posho na kupanda daraja. Ukijaribu kukwepa kwa kusema "mgogoro wa maslahi", unaingia ofisini kwa watu wa sheria za kazi, ambao kwao hayo ni madai ya nyongeza yanayopelekwa kwenye usuluhishi. (Maslahi, suluhu na usuluhishi ni watoto wa shina moja la Kiarabu. Tumemchukua ndugu yake amani tukampandisha kwenye basi linalokwenda kugongana.)

Sasa dhana yenyewe. Maelezo ninayoyaamini zaidi ni ya Dennis Thompson wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyoyaandika mwaka 1993 katika New England Journal of Medicine. Kwake, mtaalamu ana maslahi makuu, ambayo kwa daktari mtafiti ni afya ya mgonjwa na ukweli wa utafiti. Pembeni yake yapo mengine: fedha, jina, cheo, urafiki. Hayo ya pembeni si haramu, na mara nyingi hayaepukiki. Mgongano, kwa Thompson, ni ile hali inayoweza kuyafanya ya pembeni yaivute hukumu ya mtaalamu mahali isipopaswa kwenda. Ni hali. Haisemi kwamba hukumu imekwishapinda. Dereva aliyetoka kunywa bia mbili yuko katika hali hiyo hata akifika nyumbani salama, na hatuna haja ya kungoja ajali ndipo tumuulize alikunywa nini.

Kama neno moja linaweza kuficha yote hayo, mwaka 1998 ulitosha kuonyesha. Januari, jarida hilohilo la Marekani lilichapisha uchunguzi juu ya dawa za shinikizo la damu na moyo za kundi la vizuia kalisi, ambazo usalama wake ulikuwa ukibishaniwa. Miongoni mwa waandishi waliozitetea, asilimia 96 walikuwa na uhusiano wa kifedha na watengenezaji wake. Kwa waliokaa katikati ilikuwa 60, na kwa waliozikosoa 37. Karibu wote hawakuwa wamewaambia wasomaji jambo hilo.

Februari ikaja makala ya Andrew Wakefield na wenzake katika jarida la Lancet, juu ya watoto 12 waliopokelewa Royal Free Hospital, London. Ndiyo iliyowatia hofu wazazi wa nchi nyingi kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela inahusiana na usonji. Wachache wanakumbuka kilichofuata. Daktari mmoja aliandika barua kwa Lancet akiuliza habari za mawakili waliokuwa wakiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Wakefield akajibu, na jibu likachapishwa Mei: ndiyo, amekubali kuwachunguza baadhi ya watoto kwa niaba ya mfuko wa serikali wa msaada wa kisheria, lakini hakuna mgongano wowote wa maslahi.

Hakuna. Neno lilelile la mama daktari wangu, ingawa wawili hawa siwaweki kwenye mizani moja. Mwandishi wa habari Brian Deer alifukua mambo hayo kuanzia mwaka 2004, na hatimaye ikajulikana kwamba malipo kutoka mfuko ule yalizidi pauni 400,000. Tena Wakefield alikuwa ameomba hataza ya chanjo yake mwenyewe ya surua kabla makala haijatoka. Lancet iliifuta makala Februari 2010, na Mei jina lake likaondolewa kwenye rejista ya madaktari wa Uingereza. Ilikuwa miaka 12 baada ya jibu lile kuchapishwa waziwazi, na kila mwenye kusoma Lancet aliweza kuliona.

Turudi 1998. Agosti ya mwaka huo mhariri wa jarida la BMJ, Richard Smith, akatangaza kwamba jarida lake linaachana na neno "mgongano" na kuanza kuuliza juu ya maslahi yanayoshindana. Sababu yake ingeeleweka kwa mfasiri yeyote: waandishi waliona kwamba kukiri mgongano ni kukiri uovu, basi hawakukiri. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, iliyoanzia mkutano wa Vancouver mwaka 1978, ilichukua muda zaidi, lakini fomu yake ya sasa imefika hapo. Inauliza mahusiano na shughuli za miezi 36 iliyopita, kipengele kwa kipengele: ada za ushauri, malipo ya mihadhara, hisa, hataza, nauli za mikutano, hata zawadi. Mwandishi aseme tu yaliyopo. Kupima uzito ni kazi ya msomaji.

Basi baadhi ya wenye Kiingereza chao wamelikimbia neno hilo, na sisi ndio kwanza tunalibandika kwenye fomu zetu. Pendekezo langu ni kuliacha "mgongano wa maslahi" lilipo, kwenye sheria na kanuni, ambako limekwisha kuota mizizi. Kwenye fomu ya mwandishi tuweke "tamko la maslahi". Hilo halihitaji kuundwa. Wabunge wa Dodoma wanalo siku zote: "Mheshimiwa Spika, natangaza maslahi, mimi ni mkulima wa korosho," kisha mchango unaendelea, na hakuna anayemwona mwizi. Na kile Thompson alichokiweka upande wa pili, mimi nakiita "maslahi ya pembeni", kwa mfano wa kazi ya pembeni. Kila mtu anaijua kazi ya pembeni. Si dhambi, ila bosi wako angependa kuifahamu.

Lakini kutamka peke yake hakutoshi, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani fomu ikijaa kazi imekwisha. Mwaka 2005 watafiti watatu wa Marekani, Cain, Loewenstein na Moore, walichapisha jaribio la chupa zilizojaa sarafu. Mtu mmoja anaiona chupa kwa mbali na kukisia thamani yake. Mwingine anaiona kwa karibu na kumshauri, lakini huyu mshauri hulipwa zaidi kadiri makisio yanavyokuwa juu. Mshauri alipotakiwa kulisema hilo wazi, alizidi kupandisha makisio yake, kama aliyetua mzigo: si nimeshasema? Na mshauriwa alipunguza, ila si kiasi cha kutosha.

Kwa hiyo kudhibiti maana yake ni mtu kufanya kitu baada ya tamko. Mhariri mwenye hisa haishiki makala, anampa mwenzake. Mhakiki anayefanya kazi na kampuni shindani haulizwi. New England Journal of Medicine mwaka 1990 lilikataa kabisa tahariri na mapitio kutoka kwa waandishi wenye maslahi ya fedha kwenye dawa wanayoijadili. Mwaka 2002 likalegeza, na wahariri wakasema kwa nini: kwa baadhi ya mada walikuwa hawampati mtu asiyefungamana na kampuni. Mimi naona walipaswa kungoja. Tahariri iliyochelewa haimuumizi mgonjwa kama iliyopinda.

Fomu yetu niliiandika upya. Kisanduku cha mwisho sasa kinasema: "Katika miezi 36 iliyopita, ukiacha mwajiri wako, nani amekulipa, amekulipia au amekupa kitu?" Mama daktari alijaza mistari mitatu: tiketi ya ndege, hoteli usiku 3, na mkoba wenye jina la kampuni. Kwenye mkoba aliweka alama ya kuuliza. Mhariri aliipeleka makala kwa mhakiki wa mkoa mwingine, na ilipotoka, vitu vyote vitatu vilikuwa vimechapwa chini yake. Alama ya kuuliza ndiyo pekee aliyoiondoa.